Tuliuliza Bei Tu

Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, muumini mmoja wa msikiti wetu hapa Jangwani alitoka nje viatu vikiwa mkononi, akasimama kando ya gari lake asiseme neno. Tulidhani anatafuta funguo. Tulipomkaribia ndipo tulipoona kilichomduwaza. Matairi yalikuwapo, taa zilikuwapo, madirisha yalikuwa mazima. Hata vioo vya pembeni, ambavyo wezi wa mjini huvikimbilia kwanza, havikuguswa. Kilichoondolewa ni vipambo: nembo ya nyuma, vifuniko vinne vya katikati ya rimu, na vile vipande virefu vya urembo vinavyoambaa milangoni, kulia na kushoto. Gari lilikuwa zima, lakini limevuliwa nguo.

Gari lenyewe ni Altezza. Wasomaji wenye vijana nyumbani wanalijua jina hilo. Kampuni ya Toyota ililitengeneza kati ya mwaka 1998 na 2005, na nje ya Japani likauzwa kwa jina la Lexus IS. Lina milango minne kama gari la familia, lakini limeundwa kwa ajili ya mtu apendaye mwendo. Hata dashibodi yake imechorwa mfano wa uso wa saa ya mkononi, duara kubwa lenye viduara vidogo ndani yake. Mwenye gari hili ni kijana muuza vitambaa Kariakoo, aliyeweka akiba miaka kadhaa ili alinunue. Wazee wa kamati walizoea kumtania kwamba gari lake lina sauti kumshinda muadhini, naye alikuwa akicheka. Usiku ule hakucheka.

Asubuhi tulifuatana naye hadi kwa fundi aliyelipaka gari hilo rangi miezi michache kabla, baada ya bajaji kulikwaruza ubavuni. Fundi ni mtu mzima wa maneno machache. Alipitisha kidole pale palipokuwa na kipambo, akainama kutazama rangi, kisha akasema, "Huyu si mwizi wa bisibisi. Huyu anajua kazi."

Akatueleza maana yake. Vipande vya namna ile hushikwa kwa gundi ya pande mbili, na vingine kwa pini za plastiki zilizojificha nyuma. Anayevibandua kwa bisibisi hukwaruza rangi, huvunja pini na kukipinda kipande, kikawa hakina tena thamani kwa mwenyewe wala kwa mwizi. Anayejua hungoja gundi ilainike kwa joto, akapitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya kipande, akauvuta huku na huku kama mtu akataye mche wa sabuni kwa uzi, mpaka kipande kitoke chenyewe. Katika gari lile hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Fundi alitwambia pia kwamba vipande vipya vya gari lililoacha kutengenezwa tangu mwaka 2005 havipatikani kwa urahisi. Vinavyouzwa hapa kwetu ni vya mtumba, vilivyotolewa katika magari mengine. "Nendeni mkatazame mjini," alisema. "Huenda mkabahatika."

Alasiri ya siku hiyo tukaenda, sisi na mwenye gari. Hatutautaja mtaa wala meza, kwa kuwa Kariakoo na vitongoji vyake vimejaa wafanyabiashara wa spea waaminifu, wenye makontena yao na karatasi zao, na si haki kuwachafua wengi kwa ajili ya mmoja. Tulipouliza vipambo vya Altezza, kijana aliyekuwa mezani alitwambia tusubiri. Akaingia uchochoroni, akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa magazeti. Alisema mteja aliyeviagiza hakutokea. Seti nzima, shilingi 220,000.

Hapo sisi tunaoandika makala hii tukaanza kazi tuliyoitiwa, maana mwenye gari alitufuata kwa kuwa tunajulikana kwa ulimi wa kupatana bei. Tukasema ni mwezi mtukufu. Tukasema huyu ni kijana wa msikitini. Tukasema baraka imo katika faida ndogo. Tukateremka hadi 180,000, kisha 150,000. Hatukuuliza hata mara moja vile vitu vimetoka wapi. Tumesoma chuo cha Kiislamu, tumefundishwa milango ya biashara, halali yake na haramu yake, na kwa robo saa nzima swali hilo halikutujia kinywani.

Bei ilipokubaliwa, kijana alikigeuza kipande kimoja atuonyeshe kwamba pini zake ni nzima. Nyuma yake palikuwa na herufi moja ya Kiarabu, imeandikwa kwa kalamu nzito: yaa. Akageuza cha pili: shini. Yamini na shimali, kulia na kushoto. Mwenye gari alitubana mkono. Gari lilipopakwa rangi, kijana anayejifunza kazi kwa yule fundi ndiye aliyebandua vipande hivyo, akaviandika nyuma ili asije akabadilisha upande wakati wa kuvirudisha. Kijana huyo alisoma katika madrasa yetu. Mkono ule tuliujua; mkia wa yaa, uliopindishwa kurudi nyuma, tulimfundisha sisi.

"Ni vyangu," mwenye gari alinong'ona.

"Tumwambie?"

"Nyamaza, Ustadh. Tulipe twende zetu."

Tukalipa. Njiani tulijiambia kwamba tulinyamaza kwa hekima, na sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Kila mkazi wa mji huu anajua neno "mwizi" linavyoweza kufanya likipigiwa kelele mahali penye watu. Yule wa mezani alikuwa mtoto wa watu, na huenda asingefika kituo cha polisi akiwa hai. Lakini sehemu nyingine ya ukweli ni kwamba tuliona tumepata nafuu.

Jambo lililotunyima usingizi usiku ule lilikuwa jingine. Herufi mbili ndizo zilizotujulisha kwamba mali ile ni ya mwenzetu. Je, zisingekuwapo? Je, vile vipambo vingekuwa vya Altezza nyingine, vimebanduliwa usiku uleule nje ya msikiti mwingine, au nje ya hospitali, mwenyewe akiwa ndani kumwangalia mgonjwa? Tungelipa 150,000 zilezile, tungeshukuru, na tungekwenda kufuturu kwa furaha. Bei tulikuwa tumeshapatana kabla ya kuziona herufi.

Kesho yake tulirudi kwa fundi kuvirudisha vipande. Kazi hiyo huhitaji utulivu. Gundi ya zamani huondolewa yote kwa kitambaa chenye spiriti, kwa kuwa gundi mpya haishiki juu ya uchafu. Huvutwa mstari kwa utepe wa karatasi ili kipande kisikae mshazari. Pini zilizochoka hubadilishwa. Plastiki ikizeeka hukauka, ikavunjika hata kwa mkono mwepesi. Kipande kikishawekwa hukandamizwa kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, na gari halioshwi mpaka siku ipite.

Mafundi waliokuwapo walifurahi kuviona. "Mmevipata wapi?" aliuliza mmoja. "Mmevipata wapi?" akauliza mwingine akija na mswaki mdomoni. Hata mama anayeuza maji pale nje aliuliza. Yule kijana wetu, aliyeitwa aje avibandike, alivipokea, akavuta utepe wake, akafanya kazi safi kabisa, na hakuuliza. Katika gereji nzima ni yeye peke yake asiyetaka kujua vilikotoka.

Fundi alimtazama. Sisi tukamtazama fundi. Hakuna aliyesema kitu.

Siku mbili baadaye, baada ya Alfajiri, watu walipokwisha kutawanyika, kijana alitungoja karibu na mahali pa kutawadhia. Aliamkia, akakaa chini, akatwambia kila kitu kwa sentensi chache. Dalali mmoja alimwambia kwamba pana mteja wa vipambo vya Altezza. Yeye alijua Altezza moja, alijua inapoegeshwa, na alijua tarawehe inachukua muda gani, kwa kuwa aliisali nasi tangu utotoni. Alipewa shilingi 40,000. Tulimuuliza ni shida gani iliyomfikisha huko. Tulitazamia kusikia habari ya njaa au ya kodi ya nyumba. Hakutudanganya. Alisema alitaka simu. Alikuwa na akiba kidogo, akaongeza hizo, akanunua ya mtumba.

"Mama yako aliiona?"

"Aliiona, Ustadh. Aliniuliza bei. Nilipomtajia akasema nimepata rahisi."

Tuliinamisha kichwa. Mama yule hatumlaumu. Alimuuliza mwanawe swali lilelile tulilomuuliza muuzaji, na kama sisi aliridhika na jibu.

Kisha kijana akauliza alilolijia: kama akitubu, je, imekwisha?

Jibu la jambo hili wanazuoni wetu wamekwisha kulipanga. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Riyadhus Salihin kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Dhambi iliyogusa haki ya mwanadamu ina sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Tulimwambia hivyo. Tukamwambia pia kwamba machozi yake ni ya Mola wake, lakini shilingi 40,000 ni za mtu anayemjua kwa jina, naye anaswali safu ya pili.

Alitwomba tumpelekee sisi habari hiyo. Tulikataa kwenda peke yetu, tukakubali kwenda pamoja naye.

Kamati ilipokutana, maoni yaligawanyika, na tunayaandika hapa kwa kuwa hata nyumbani kwenu yangegawanyika vivyo hivyo. Mzee mmoja alitaka shauri lipelekwe polisi, akasema msikiti ukianza kuficha wezi utakuwa pango lao. Maneno yake yana uzito, na sheria iko upande wake: Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu humtia hatiani aibaye, na pia apokeaye mali hali akijua ni ya wizi. Mwingine alisema aliyekuja mwenyewe kabla ya kukamatwa asitendewe kama aliyekamatwa, na kwamba kumsitiri Muislamu aliyejutia ni katika tabia njema tulizofundishwa. Wa tatu aliuliza swali lililotunyamazisha wote: "Na aliyenunua?"

Tulikiri mbele ya kamati jinsi tulivyopatana bei. Haikuwa rahisi. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu ametukataza kula mali zetu baina yetu kwa batili, akabakisha biashara iliyo kwa kuridhiana. Tukiwa mezani tulidhani kuridhiana ni baina yetu na muuzaji. Mtu wa tatu, mwenye mali ambaye hayupo na hakuridhia, hatukumhesabu. Kwa bahati mwenye mali alikuwa amesimama ubavuni petu. Katika biashara nyingi za namna hiyo hayupo.

Mwisho uamuzi aliachiwa mwenye haki. Kijana alimtazama usoni akamwambia alichokifanya. Mwenye gari alikaa kimya kwa muda, kisha akasema hatakwenda polisi kwa ajili ya kijana, lakini hatasamehe ile 40,000. "Ulipe mpaka iishe," alisema. "Nikikusamehe leo utanishukuru leo. Ukilipa utakumbuka." Ile 110,000 iliyobaki kwa muuzaji tuliifuata sokoni sote wawili, safari hii tukiwa na maneno mengine. Meza haikuwapo. Jirani yake alisema hamjui mtu huyo. Kwa hiyo mlango mmoja wa jambo hili haukufungwa, na hatupendi kuwadanganya wasomaji kwamba ulifungwa.

Fundi naye alikuwa na uamuzi wake. Tulidhani atamfukuza kijana. Alisema atakaa naye, lakini funguo za wateja hatazishika mpaka atakapoambiwa. Kisha akatwambia neno ambalo hatujalisahau: "Mkono wake ni mzuri, Katibu. Kipambo kinatoka kwa namna ileile, cha kazi na cha wizi. Tofauti ni kama mwenyewe amesema toa."

Maneno hayo ni ya gereji, lakini yanatosha kuwa somo la madrasa. Tunawafundisha watoto wetu itqani, kufanya kazi kwa ukamilifu, na ni vyema. Tunafurahi mtoto akijua kufungua kitu bila ya kukivunja. Ila ujuzi wenyewe hauna dini. Idhini ndiyo inayoutia katika halali. Mtoto aliyezoea kuchukua peremende dukani kwa baba yake bila ya kuomba, akachekewa, amekwisha kufundishwa nusu ya wizi na watu wanaompenda.

Kwa hiyo tuna maneno machache kwa wazazi na kwa wenye magari.

Mwenye gari na achonge namba ya usajili katika vioo, taa na kila kipande kinachoweza kuchongwa. Mwenye Altezza alikuwa amekataa, akiona inaharibu urembo, sasa amechonga. Kipande kisichochongeka kiwekewe alama nyuma, kama alivyofanya kijana wetu siku alipokuwa akifanya kazi yake kwa uaminifu.

Anayenunua spea ya mtumba na aulize imetoka wapi, nani aliyeiingiza, na kama atapewa risiti ya mashine yenye jina la duka. Muuzaji mwaminifu hakasiriki kwa maswali hayo. Anayekasirika, au anayekwenda kuleta kitu uchochoroni kikiwa kimefungwa kwa magazeti, amekwisha kujibu. Bei ikiwa chini mno kuliko ya wenziwe, basi pana mtu mwingine aliyeilipa tofauti hiyo.

Na mzazi anapoona kitu kipya mikononi mwa mwanawe, aulize kilikotoka kabla ya kuuliza bei. Aulize kwa upole, aulize kila mara, hata kwa mtoto asiyemshuku, ili swali lizoeleke nyumbani kama salamu. Kijana wetu alitwambia kwamba usiku ule, akiwa nyuma ya gari na mshipi mkononi, hakumwogopa polisi. Alichowaza ni simu, na kwamba hakuna atakayemuuliza.

Kamati imenunua mashine ndogo ya kuchongea namba. Kila Jumamosi asubuhi kijana hukaa nayo nje ya msikiti, akawachongea waumini kwa ada ndogo, nusu ikienda kwenye mfuko wa msikiti na nusu ikilipia deni lake. Baadhi ya waumini, wanaojua na wasiojua, humwachia magari yao. Mmoja katika wazee wa kamati, yule aliyetaka polisi, bado hulipitisha gari lake mbali naye, wala hatumlazimishi. Uaminifu ukibanduka hauna gundi ya kuurudisha kwa siku moja.

Haya tumeyaandika kwa idhini ya kijana, ya mama yake, ya fundi na ya mwenye gari, na tumeficha yale ambayo yangemtambulisha mmoja wao kwa asiyemjua. Mama ndiye aliyekawia kuridhia. Aliporidhia alisema, "Andikeni na mimi kwamba sikuuliza."

Alhamisi iliyopita kijana alileta shilingi 5,000, malipo ya sita. Zimebaki 10,000. Mwenye gari huzipokea, huzihesabu mbele yake, na huandika katika daftari. Simu kijana ameiuza. Tulimuuliza aliyeinunua ni nani, naye kabla ya kutujibu alitabasamu kidogo, akasema, "Aliniuliza nilikoipata, Ustadh. Nikamwambia."

Mwenyezi Mungu azitakase chumo zetu na azihifadhi familia zetu. Amin.